Samaki Asiye na Tundu la Ndoano

Mpendwa Mshauri Nduku,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi pia ni mzima isipokuwa dhamiri, na ndiyo sababu ninakuandikia wewe badala ya kumaliza insha ambayo mwalimu wetu wa Kiswahili anaitaka Jumatatu. Ninaitwa Wangechi, nina miaka kumi na sita, ninasoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Thika na ninaishi na mama yangu mtaa wa Makongeni. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa maana siku hiyo ikifika kabla ya ushauri wako sijui nitauficha wapi uso wangu.

Babu yangu mzaa mama anaitwa Gerishon, nami humwita Guka kama sisi Wakikuyu tunavyowaita babu zetu. Anaishi Gitothua, kule Ruiru. Guka amevua kwa ndoano zaidi ya miaka arobaini na hajawahi kuonja samaki hata siku moja, kwa sababu alipozaliwa samaki alihesabiwa nyumbani kwao pamoja na nyoka, na mpaka leo nikila samaki karibu naye hugeuza kiti akaangalia ukuta. Kuvua alifundishwa na rafiki yake, mzee Absalom, aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria akaja Thika akiwa kijana kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, ambako wawili hao waliwekwa kwenye mashine moja, na nyumba zao hapa Makongeni zikawa zinapakana ukuta. Mzee Absalom bado anaishi hapo, mlango wa tatu kutoka kwetu, na nimelelewa nikimwita Kwaro, yaani babu kwa lugha yake, na mkewe ninamwita Dani.

Kila Jumamosi wazee hawa walikuwa wakienda kwenye bwawa la shamba moja la kahawa karibu na Juja, na sheria yao ilikuwa kwamba atakayeshindwa siku hiyo hubeba fimbo zote mbili na ndoo mpaka barabarani. Guka akishinda, samaki wake wote walikwenda kwa Kwaro kwa sababu yeye hali, na Kwaro akishinda, samaki walikwenda kwa Kwaro vilevile, ndipo Kwaro alipokuwa akimwambia, "Gerishon, ukinishinda nakula, nikikushinda nakula. Wewe endelea tu kunishinda." Guka alipojenga Gitothua hawakuacha, walikutana tu Juja kila mmoja akitoka upande wake, na nilipofika miaka tisa nikaruhusiwa kwenda nao, na kazi yangu ikawa kubeba ndoo ya samaki mpaka kwa Dani.

Mimi nilianza kwa kuhesabu. Nina daftari ambalo niliandika kila samaki, hata wale wa urefu wa kidole, na siku niliyopata kumi na wanne sikulala kwa furaha. Nilipofika kama miaka kumi na mbili nikaacha kuhesabu nikaanza kupima kwa rula, na sasa sitaki hesabu wala rula, ninamtaka kambare mmoja tu anayekaa chini ya mti ulioanguka majini, ambaye amenikatia mshipi mara mbili na ambaye ninamwona hata nikiwa kwenye somo la hisabati.

Mwaka jana magoti ya Kwaro yalikataa. Anatembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi mlangoni, na mlangoni ndipo anapokaa. Tukabaki mimi na Guka, na tangu Januari Guka ameanza kuwarudisha samaki majini. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Guka, mbona unamrudisha?"

"Ni mdogo."

"Huyu ni mkubwa kuliko sahani!"

"Basi ni mkubwa sana. Wacha aende azae."

Nikadhani anatania, lakini Jumamosi iliyofuata akarudisha wote, hata wangu wawili, na mara mbili nimevuta mshipi wake nikakuta ndoano haina chambo, na yeye anajua kwamba haina. Anakaa tu akitazama boya lake, ambalo ni kipande cha ndala ya zamani, anakunywa chai, anasalimiana na Githae, askari wa shamba, na anaonekana mwenye furaha. Huja na vikombe vitatu ingawa tuko wawili, na nikimuuliza husema ni mazoea. Jiwe alilokuwa akikalia Kwaro hakuna anayelikalia, Guka huweka hapo chupa ya chai.

Nilipomsumbua sana aliniambia, "Mimi nilikuwa navua nimshinde Absalom. Sasa nitamshinda nani?"

Nikamwambia, "Mimi!" Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na tena, mtu amekaa kwa mlango hawezi kutembea, halafu mimi namtumia samaki kila wiki. Hiyo si zawadi, Wangechi. Hiyo ni kumwonyesha miguu yangu."

Sasa sikiliza kosa langu, Mshauri. Guka akimaliza kuvua hurudi Ruiru, lakini mimi ndiye ninayerudi Makongeni na ndoo tupu, nami lazima nipite mlango wa Kwaro, naye kila Jumamosi yuko hapo na anauliza, "Gerishon ametuma nini?" Jumamosi ya kwanza nilisema samaki hawakula. Ya pili nikasema maji yalichafuka. Ya tatu nilikuta Dani ameshakata vitunguu na nyanya, sufuria iko mezani, na nikaona siwezi kuitazama ile sufuria, nikasema nimewasahau samaki dukani, nikakimbia hadi sokoni kwa Auma anayeuza samaki na anayenijua kutoka kwaya ya kanisani.

Sikuwa na pesa, na Auma akaniambia, "We msichana wa kwaya, kwani samaki siku hizi inalipiwa na wimbo?"

Nikamwambia nitamparulia magamba. Akanitazama mikono, akasema, "Haya, vaa hiyo aproni. Na usiniharibie tilapia yangu, ama utaimba mpaka jioni." Niliparua saa nzima, akanipa tilapia mmoja mzima, nikampelekea Kwaro nikasema, "Guka amekutumia."

Kwaro alimpokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa samaki, polepole, pande zote, akasema, "Erokamano. Mwambie Gerishon asante." Nilihisi vizuri na vibaya kwa wakati mmoja. Nimefanya hivyo Jumamosi sita, na kila mara Kwaro hupitisha kidole vilevile, hushukuru, na mimi huenda nyumbani nikinuka samaki na uongo.

Mara hiyo ya sita tilapia waliisha, na Auma akanipa samaki mwingine, mrefu, wa rangi ya fedha, akasema, "Chukua hii mbuta. Hii ni tamu, utanikumbuka." Niliona kwamba si tilapia wala kambare, lakini nilijiambia bwawa ni kubwa na mimi sijui kila kitu kilichomo. Kwaro alipomwona alimfungua mdomo, akapitisha kidole, akaita kwa nguvu, "Mama! Kuja uone kitu Gerishon ameshika Juja!"

Dani akaja akipangusa mikono kwenye leso. Akamtazama samaki, akanitazama mimi, akamtazama mumewe. "Ai! Kwa ile maji ya kahawa?"

"Kwa ile maji ya kahawa."

Wakacheka, Mshauri, wakacheka mpaka Kwaro akashika mwimo wa mlango, naye akawa anasema, "Gerishon amekuwa fundi! Mimi miaka hiyo yote sijawahi toa hii hapo!" Nami nikacheka pia ingawa sikujua tunacheka nini. Kisha akapangusa macho, akasema, "Mwambie Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja. Hata kama ni kubebwa. Nataka kuona hiyo maji na macho yangu."

Tangu siku hiyo sina amani. Kwaro akija atamshukuru Guka kwa samaki sita, na Guka atasema hakutuma hata mmoja, na Kwaro atajua kwamba rafiki yake alikuwa akiwarudisha samaki majini huku yeye akingoja mlangoni, na Guka atajua kwamba mimi, anayeniamini na ndoo tangu nikiwa na miaka tisa, ni mwongo. Nimefikiria kumwambia Kwaro kwamba bwawa limekauka. Nimefikiria hata kumwomba Auma mbuta mwingine nimfunge kwenye mshipi wa Guka akiwa anamimina chai. Lakini nikisema ukweli wote, ningependa sana Kwaro aje. Ningependa tuwe watatu tena, walau mara moja. Je, kuna njia ya kumleta bila urafiki wao kuvunjika mikononi mwangu? Na je, ni vibaya kwamba mimi bado ninamtaka yule kambare, ilhali Guka amefika mahali ambapo hataki chochote?

Ni mimi msomaji wako mwaminifu (katika mambo mengine),
Wangechi, Makongeni.

*

Wangechi mwanangu,

Kaa chini kwanza, maana nina habari ya kukupa na sitaki uanguke. Mbuta ni samaki wa ziwani. Hakai kwenye bwawa la kahawa, hajawahi kupita Juja akiwa hai, na yule uliyembeba alikuja Thika juu ya barafu. Wewe hukujua kwa sababu umelelewa kati ya bwawa moja na babu asiyekula samaki. Lakini ulimpelekea mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria! Ni sawa na mimi nimletee Guka wako gunia la nazi nimwambie nimezichuma Gitothua.

Kwa hiyo Kwaro alijua, na Dani alijua, na ndiyo maana walicheka. Ngoja, bado. Umeniandikia mwenyewe kwamba kila mara alipitisha kidole kwenye mdomo wa samaki, na hukujiuliza alikuwa akitafuta nini. Samaki wa ndoano ana tundu mdomoni. Samaki wa wavu hana. Mzee huyo alijua tangu tilapia wa kwanza, akamla, akashukuru, akanyamaza, mara tano, kwa sababu aliona msichana aliyesimama mlangoni pake akinuka magamba na hakutaka kumwaibisha. Umekuwa ukimficha mtu ambaye amekuwa akikuficha wewe.

Sasa nikugombeze, na usiruke mistari. Uongo wako ulitoka kwenye huruma, nakubali, nami ningeiona ile sufuria huenda ningekimbia pia. Lakini ulitumia jina la mtu mwingine. Ulimtumia Kwaro salamu sita ambazo Gerishon hakuzituma, na Gerishon hajui kwamba ameshukuriwa mara sita. Hao ni watu wazima wenye urafiki mkubwa kuliko umri wa mama yako. Hawakukupa kazi ya kuwalinda. Walikupa ndoo.

Kuhusu hamu ya kuvua nitakuambia ninachokijua, ingawa mimi mwenyewe sivui. Mume wangu Kyengo anavua. Alipokuwa kijana alikuwa akiwafunga samaki kwenye kijiti na kurudi nyumbani kwa njia ndefu, ili apite mbele ya kila lango. Baadaye akawa hataki wadogo, anataka mmoja mkubwa, na huyo mkubwa aliongezeka uzito kila alipomsimulia. Siku hizi anaondoka asubuhi, anarudi na matope kwenye viatu na hana kitu. Nilimshuku, sitakuficha. Nikamfuata hadi mtoni nikijua nitamkuta na mwanamke. Nikamkuta amekalia mtungi wa plastiki uliopinduliwa, na wazee wenzake wawili, na hakuna anayesema neno. Nikamuuliza, "Samaki wako wapi?" Akanionyesha maji. "Wako hapo. Wote."

Nilikasirika wiki nzima. Sasa humfungia chapati.

Usiseme basi kwamba Guka hataki chochote. Mtu asiyetaka chochote habebi vikombe vitatu. Alikuwa akitaka kumshinda Absalom, na sasa anamtaka Absalom, akishinda au akishindwa, lakini anaona haya kumwita mtu mahali ambapo magoti yake hayafiki. Na Kwaro anaona haya kuomba apelekwe. Alingoja mlangoni miezi yote hiyo akiuliza Gerishon ametuma nini, wewe ukadhani anauliza samaki. Halafu ukamletea mbuta, akapata kisingizio kizuri kuliko vyote, akakishika kwa mikono miwili: lazima aende akaone maji hayo ya ajabu! Angekuambia nini zaidi, mtoto wangu?

Na kambare wako, mtake. Una miaka kumi na sita. Usijifanye mzee kabla ya wakati, maana utachoka mapema na wazee watakucheka. Ila usimwonee Guka huruma kwa kuwa hana njaa yako, na usitegemee aelewe kwa nini unamwona kambare katikati ya hisabati. Aliwahi kumwona, kisha akaona kingine.

Haya, fanya hivi. Nenda Gitothua wiki hii, usingoje Jumamosi, na usimwambie Guka kwa simu. Mwambie yote sita. Anza na mbuta, kwa sababu akishacheka hataweza kukugombeza sawasawa. Kisha mwambie maneno ya Kwaro kama Kwaro alivyoyasema, "hata kama ni kubebwa," bila kuyapamba.

Ukirudi, nenda kwa Kwaro mikono mitupu. Hakuna samaki, hakuna mkate wa kupooza mambo. Omba msamaha ukiwa umesimama, na umwombe Dani pia, maana vitunguu vilikuwa vyake. Yale maneno ya Guka kuhusu miguu usiyapeleke. Hayo ni ya Gerishon, na atayasema mwenyewe wakiwa wamekaa, au hatayasema, na wataelewana.

Pikipiki haifai kwa magoti hayo. Mwambie mama yako aongee na jirani mwenye gari, naye Guka aongee na Githae awafungulie lango la shamba ili gari lifike karibu na maji. Beba kiti chenye mgongo na mikono, kwa sababu lile jiwe liko chini mno: Kwaro atalikalia kwa furaha, kisha mtamwinua watu watatu. Chupa ya chai ibaki juu ya jiwe. Mbebee fimbo yake, na uitie ndoano chambo, usije ukamdharau. Na kwa kuwa kuna sheria ya anayeshindwa kubeba, na wewe umeshindwa mara sita, siku hiyo utabeba vyote.

Kama yule kambare atakubali siku hiyo, mlete ukingoni, kisha waulize wazee kama anaingia kwenye ndoo au anarudi chini ya mti wake. Mmoja atataka aliwe, mwingine atataka aachwe, na watabishana mpaka chai iishe. Usiwaharakishe. Wamengoja mwaka mzima kubishana.

Sasa funga gazeti ukamalize ile insha.

Mshauri Nduku